Nimepuliza, taa ikawaka nyekundu: je, nikubali kosa?

Swali: "Wakili, salaam. Mimi ni dereva wa gari la kusambaza mikate, nakaa Bamburi. Jumamosi usiku nilikuwa na gari langu mwenyewe natoka Mtwapa, nilikuwa nimekunywa bia tatu. Nilipovuka daraja trafiki wakanisimamisha, nikaambiwa nipulize. Taa ikawaka nyekundu, wakasema nimefeli. Namba yoyote sikuonyeshwa. Nikalala seli, asubuhi kaka yangu akanitolea dhamana ya shilingi 20,000. Wiki ijayo natakiwa mahakama ya Shanzu. Binamu yangu aniambia nikubali kosa, nilipe faini, yaishe. Rafiki yangu naye aniambia mahakama ilishaitupa Alcoblow, kile kipima pumzi cha trafiki, kwa hivyo hapo hakuna kesi. Nimfuate nani? Na siku nyingine naweza kukataa kupuliza?"

Salaam, ndugu yangu. Usimfuate hata mmoja wao. Binamu yako anakusukuma mahali ambapo kurudi nyuma ni kazi ngumu, na rafiki yako amesikia nusu ya habari. Kabla hujaamua lolote, ipate hati ya mashtaka uisome neno kwa neno, au usomewe na mtu anayeielewa. Kesi yako inategemea maneno yaliyoandikwa pale, na taa uliyoiona ni sehemu tu ya ushahidi wa kuyathibitisha.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hakisemi kwamba kunywa na kuendesha ni kosa moja kwa moja. Kinasema ni kosa kuendesha gari, kujaribu kuliendesha, au kuwa ndiye mwenye gari mikononi mwako, barabarani au mahali pa umma, huku pombe au dawa imekuathiri kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Shikilia maneno hayo ya mwisho. Mwendesha mashtaka hana budi kuthibitisha kwamba ulikuwa umekunywa, na zaidi ya hapo kwamba kileo kilikuondolea uwezo wa kulimudu gari. Madereva wengi wanaokuja ofisini kwangu hawajawahi kuambiwa kwamba hayo ni mambo mawili.

Sasa Alcoblow inaingia wapi? Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kipima pumzi chini ya sheria hiyohiyo. Kanuni hizo ziliweka kipimo: maikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi, sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Ukipita hapo umetenda kosa, hata kama ulikuwa unaendesha umenyooka kama kawaida. Watu wakaenda mahakamani kuzipinga. Mahakama Kuu haikukubaliana nao, wakakata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba kanuni hizo zinagongana na kifungu cha 44. Sheria iliyopitishwa na Bunge inaadhibu kushindwa kulimudu gari, ilhali kanuni ziliadhibu kupita namba fulani. Kanuni haiwezi kuunda kosa lisilolingana na sheria mama. Msingi huo ni wa zamani, na umeandikwa waziwazi katika kifungu cha 31 cha Sura ya 2 ya sheria zetu, ile Sheria ya Tafsiri na Masharti ya Jumla.

Hiyo ndiyo nusu aliyoisikia rafiki yako. Nusu nyingine ni kwamba uamuzi ule haukukiharamisha kifaa. Haukusema polisi wasipime watu, wala haukufuta kifungu cha 44. Kwa hivyo polisi wanaweza kukusimamisha, wakakupima, kisha wakakushtaki chini ya kifungu cha 44 na kuleta matokeo ya kipimo pamoja na ushahidi mwingine: gari lilivyokuwa likienda, ulivyoshuka, ulivyosema, harufu, macho, kama ulishikilia mlango ili usianguke. Hakimu akiuamini ushahidi huo, utapatikana na hatia, na uamuzi wa 2017 hautakuokoa.

Ndiyo maana nimekuambia usome hati. Ikiwa imetaja kanuni za 2011 peke yake, wakili wako aseme hivyo mapema, kabla hujajibu shtaka, na aweke uamuzi wa Mahakama ya Rufaa mbele ya hakimu, kwani mahakama za chini zinafungwa nao. Lakini usidhani kesi itafia hapo. Kifungu cha 214 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu shtaka kurekebishwa wakati wowote kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wao. Ikiwa imetaja kifungu cha 44, basi tuko kwenye swali la uwezo wako wa kulimudu gari usiku ule, na hapo ndipo kazi ilipo. Kuna jambo jingine: kanuni za barabarani hubadilishwa, na kinachokuhusu ni sheria iliyokuwa ikitumika usiku ule wa Jumamosi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakulinda usihukumiwe kwa tendo ambalo halikuwa kosa ulipolitenda. Sheria ikibadilika kabla hujapewa adhabu, unastahili adhabu iliyo nafuu.

Tuje kwenye kifaa, maana hapa pana mengi ya kuuliza na wengi hupita mbio.

Pombe ikiingia kwenye damu hufika mapafuni, na sehemu ndogo hutoka pamoja na pumzi. Kifaa hupima pumzi, kisha kiasi cha damu hukisiwa kutokana na pumzi hiyo. Vipimo vile viwili vya sheria, 35 na 80, vinachukulia kwamba damu ina alkoholi karibu mara 2,300 kuliko pumzi ya ujazo uleule. Huo ni wastani, na watu hawafanani. Kwa mtu aliyepita kipimo mbali sana, tofauti hiyo haimsaidii kitu. Kwa aliyekaribia mstari, ni muhimu.

Tatizo kubwa zaidi ni pombe iliyobaki mdomoni. Ukipuliza muda mfupi baada ya kumeza funda la mwisho, au baada ya kusukutua kwa dawa ya mdomo yenye alkoholi, au baada ya kucheua, kifaa kitasoma mdomo badala ya mapafu na namba itaruka juu. Ndiyo maana utaratibu unaokubalika ni kusubiri dakika 15 hadi 20, mpimwaji akiwa anatazamwa asile wala asinywe, kisha ndipo apulize kupitia mrija mpya. Jiulize na uandike leo, kabla hujasahau: ulisimamishwa saa ngapi, ukapuliza saa ngapi? Mrija ulifunguliwa mbele yako? Ulipimwa mara moja au mara mbili?

Halafu hilo la kutoonyeshwa namba. Kuna vifaa vinavyowasha taa tu, kwa ajili ya kuchuja haraka nani aendelee na safari na nani achunguzwe zaidi, na kuna vinavyotoa namba na kuchapisha karatasi. Taa nyekundu ni sababu ya kutosha ya trafiki kukutilia shaka. Kama ushahidi wa kukuhukumu, peke yake, ni dhaifu: haisemi ulikuwa na kiasi gani, wala haisemi lolote kuhusu mikono yako kwenye usukani. Wakili wako aulize ni kifaa gani, kilirekebishwa na kukaguliwa lini mara ya mwisho, cheti kiko wapi, na aliyekitumia alifundishwa na nani. Wakileta karatasi iliyochapishwa na mashine, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha kuthibitisha namna rekodi hiyo ya kielektroniki ilivyopatikana. Haya ni maswali halali, na hakimu makini huyapa uzito.

Na bia zako tatu? Chupa tatu za nusu lita zenye asilimia 4 ya alkoholi zina karibu gramu 47 za alkoholi. Mwanamume wa kilo 70 akizinywa kwa mkupuo, hesabu ya kawaida humfikisha karibu na miligramu 100 katika mililita 100 za damu, yaani juu ya kipimo. Akizinywa polepole kwa muda wa saa tatu huku amekula, atakuwa karibu na 50, kwa sababu mwili huondoa takriban miligramu 15 kila saa. Kahawa haiongezi kasi hiyo, wala maji baridi, wala pipi ya mnanaa. Kwa mnazi hata hesabu hii haifanyi kazi, kwani unaendelea kuchacha ndani ya chombo na hakuna mtu Mtwapa nzima atakayekuambia wa leo una asilimia ngapi. Nakuomba umweleze wakili wako ukweli wote kuhusu ulichokunywa na muda uliokitumia. Akidanganywa yeye, utetezi wako utavunjika mbele ya hakimu.

Kasi hiyo ya mwili ndiyo sababu kipimo cha damu cha asubuhi hakina faida kubwa kwa upande wowote. Mtu aliyesoma 45 kwenye pumzi saa saba usiku, sawa na miligramu 103 hivi kwenye damu, akitolewa damu saa kumi na mbili asubuhi atakuwa amebakiwa na 28 hivi. Anayetaka kupinga kipimo cha pumzi aombe palepale kupelekwa hospitali, na aombe ombi lake liandikwe kwenye kitabu cha matukio cha kituo. Hata wakikataa, kukataa kwao kunabaki kwenye maandishi, na wakili ana la kuuliza.

Sasa ushauri wa binamu yako. Nauogopa kuliko wa rafiki yako, kwa sababu unaonekana wa busara. Faini ya kifungu cha 44 ni hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote pamoja. Watu hutazama faini wakaacha kutazama yanayofuata: ukipatikana na hatia unapoteza haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12, na mahakama inaweza kuongeza. Wewe ni dereva. Mwajiri wako anakulipa kwa sababu ya leseni hiyo. Miezi 12 bila leseni, ni nani atakayekuwekea kazi ya mikate? Kisha kuna rekodi. Ukiomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi ya bandarini au ya Ghuba, hukumu hiyo inaweza kukufuata. Na kama usiku ule ungekuwa umemgonga mtu, hukumu ya jinai ingetumika dhidi yako kwenye kesi ya fidia, kwani kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya ushahidi wa mwisho kwamba ulitenda kosa.

Ukikubali kosa mwenyewe, mlango wa rufaa karibu wote unafungwa. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai hakikuruhusu kupinga hukumu yenyewe, ila ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Niliyoyaona Shanzu na Mombasa mjini ni haya. Asubuhi mahakama imejaa, majina yanaitwa haraka, mtu hajalala, amechoka, anasomewa shtaka, anajibu "ni kweli" huku akimaanisha kwamba ni kweli alikunywa. Hakukusudia kusema alishindwa kulimudu gari. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo: shtaka lielezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio na mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Akisema jambo linalotia shaka hatia yake, hakimu aandike kwamba amekana. Kwa hivyo ukisimama pale na ukweli wako ni kwamba ulikunywa bia tatu lakini gari uliliendesha vizuri, sema yote mawili. Usiishie kwenye "ni kweli". Kama Kiswahili cha mahakamani kinakupita, au wanazungumza Kiingereza, una haki ya mkalimani bila malipo.

Kukana shtaka si kusema uongo. Ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe, na Katiba inakuhesabu huna hatia hadi hapo. Baada ya kukana, una haki ya kupewa mapema maelezo ya mashahidi na vielelezo wanavyokusudia kutumia. Yasome na wakili. Ikiwa trafiki ameandika kwamba uliyumba toka daraja mpaka ukakaribia kumgonga bodaboda, na moyo wako unajua ni kweli, basi rudi ukubali, uombe radhi, uombe adhabu nafuu. Kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu linaweza kuadhibiwa kwa huduma ya jamii badala ya jela, na hili limo. Sitakutetea kwa kudai kwamba barabara ile ni ya kuchezea. Kutoka darajani kuja Shanzu hadi Bamburi usiku kuna watu wanaotembea kando ya lami, wahudumu wa hoteli wanaotoka zamu, bodaboda bila taa. Anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari anakabiliwa na kifungo hadi miaka 10, na aliyekufa harudi. Nakutetea ili uhukumiwe kwa ulichofanya, kama ulikifanya.

Umeuliza kama siku nyingine unaweza kukataa kupuliza. Kanuni za 2011 zilifanya kukataa bila sababu ya maana kuwa kosa, na hatima ya kanuni hizo nimekueleza. Hata hivyo sikushauri ukatae. Trafiki aliyenusa pombe anaweza kukukamata bila kipimo chochote, na ushahidi utakuwa macho yake na maneno yake. Kipimo kilichofanywa vizuri kimewaokoa wengi waliokuwa wamechoka tu, au waliokuwa na usingizi. Puliza, lakini omba mrija mpya, omba kuona matokeo, na sema kama umekunywa kitu dakika chache zilizopita au una pumu. Kuulizwa umekunywa ngapi na umetoka wapi ni jambo jingine: ukishakamatwa una haki ya kunyamaza, na haki ya kuzungumza na wakili. Kunyamaza kwa adabu si ubishi.

Wengine huniuliza kama kulala ndani ya gari lililoegeshwa kunawakinga. Si lazima, kwa sababu sheria inamtaja pia mwenye gari mikononi mwake. Aliyelala kwenye kiti cha dereva na ufunguo umewashwa yuko pabaya kuliko aliyelala nyuma na ufunguo yuko nao mwenzake. Na kwa wanaodhani muguka au bangi haviwahusu kwa kuwa Alcoblow haivisomi: kifungu cha 44 kinataja pombe na dawa pia.

Kuhusu fedha. Kosa hili halimo kwenye yale madogo ya trafiki yaliyowekewa faini za papo hapo mwaka 2016, kwa hivyo hakuna mtu mwenye mamlaka ya kukutoza barabarani. Atakayekuomba pesa anaomba hongo, na ukimpa na wewe umetenda kosa: Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamuadhibu mtoaji na mpokeaji hadi miaka 10 au shilingi milioni tano. Zile 20,000 za dhamana ni zako. Kaka yako alipaswa kupewa risiti. Kama hakupewa, arudi kituoni kesho aidai, na ikishindikana IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, wana ofisi Mombasa. Ukifika mahakamani kila unapoitwa, pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha, hata ukipatikana na hatia, au unaweza kuomba zikatwe kwenye faini. Usipofika, zinapotea na hati ya kukukamata inatolewa.

Kabla ya siku yako, basi: andika usiku ule wote, saa kwa saa. Kama kulikuwa na mtu ndani ya gari, au uliyekaa naye Mtwapa, mwombe aandike alichokiona. Hifadhi risiti ya vinywaji na ujumbe wa M-Pesa wa malipo, kwa kuwa una saa juu yake. Chukua namba ya OB, yaani ya kile kitabu cha matukio cha kituo. Ikiwa huna wakili, tawi la Mombasa la Chama cha Mawakili litakuelekeza. Ukifika Shanzu bila wakili, mwambie hakimu kabla hujajibu shtaka kwamba unaomba muda wa kumpata. Katiba inakupa muda wa kutosha wa kujitayarisha, na mahakimu hulikubali ombi hilo mara nyingi. Fika saa mbili asubuhi, umtafute karani, uombe nakala ya hati ya mashtaka, na uangalie kwanza ni kifungu gani kimeandikwa pale.